Kwa Nini Watu Huamini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, majirani, waumini wa madhehebu mbalimbali na wachache wasio na dini, kuanzia Dodoma mjini hadi Kondoa, Mpwapwa na Singida. Baadhi yaliulizwa kwa hasira. Nimeyaacha na hasira yake.

Mnataka kutuambia kwamba Mungu hayupo?

Hapana. Kama Mungu yupo au hayupo, hilo lina wenyewe: wanateolojia, wanafalsafa, na wewe mwenyewe usiku ukikosa usingizi. Hapa tunauliza jingine, dogo zaidi: mtu fulani, wa mahali fulani, alifikaje kuamini anachokiamini? Shekhe na mtu asiyeamini chochote wanaweza kukaa benchi moja wakalijibu pamoja bila kugombana.

Basi kwa kifupi, sababu ni ipi?

Sababu ni nyingi, lakini ukinibana nitaje moja tu nitasema hivi: watu huamini kwa sababu waliwaona wengine, watu wanaowaheshimu, wakiamini. Hoja huja baadaye.

Msikilize mtu akikusimulia alivyookoka, alivyosilimu au alivyorudi kwenye matambiko ya ukoo wake. Ni nadra aanze na hoja. Ataanza na mtu: mama aliyekuwa anaamka saa kumi usiku kusali, mwalimu wa madrasa aliyefundisha watoto wa mtaa mzima bila kudai senti, mwinjilisti aliyelala wodini na mgonjwa asiye hata ndugu yake. Mwaka 2009 mtafiti Joseph Henrich aliandika juu ya jambo hili. Kwa maelezo yake, binadamu hujifunza kwa kuiga, na kwa kuwa maneno hayana gharama, tumezoea kuangalia kama msemaji analipia anachokisema. Mtoto anaweza kuambiwa mwaka mzima kwamba funga ni ibada, lisimwingie. Akimwona baba yake anabeba zege jua la saa nane, mwezi wa Ramadhani, na ndoo ya maji iko pale pale haigusi, somo limekwisha.

Sababu nyingine zipo, na nyingi zimo kwenye maswali yanayofuata.

Mbona mtu wa Kondoa huwa Mwislamu na wa Mvumi huwa Mwanglikana? Si inaonyesha kwamba dini ni bahati ya mahali ulipozaliwa?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ila "bahati" ni neno la haraka, maana kuna historia ndani yake.

Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Wafanyabiashara Waislamu walipita hapa miaka na miaka, wakiwalipa watemi wa Kigogo hongo ya kupita na kuchota maji. Ungetegemea Wagogo wote wawe wamesilimu. Haikuwa hivyo, na kwa maoni yangu sababu ni kwamba misafara ilikuwa inapita. Nchi ni kavu, maji ni ya kununua, kila msafara ulitaka kuvuka upesi. Kondoa Irangi mambo yalikuwa tofauti: Waswahili na Waarabu walikaa, wakafungua maduka, wakaoa, wakafundisha Kurani. Warangi waliona Uislamu ukiliwa, ukilala na kuzikwa pamoja nao.

Ukristo nao ulishika pale ulipokaa. Wamisionari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society ya Uingereza) walifika Mpwapwa miaka ya 1870, baadaye wakawa na kituo Mvumi, chenye shule na hospitali. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Wakatoliki wa Dodoma walihudumiwa na Wapasionisti kutoka Italia. Ndiyo maana kanisa kuu lao mjini lina jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika hilo. Ukienda Iramba utakuta Walutheri wengi, kwa kuwa huko walifika wamisionari wa kanisa la Kilutheri la Augustana kutoka Marekani.

Kwa hiyo ramani ya dini ya Kanda ya Kati ukiichunguza ni ramani ya nani alikaa wapi, akajenga shule gani, akazika wafu wa nani. Muumini hana haja ya kuona aibu kwa hilo. Atakwambia Mungu ndiye aliyewatuma. Asiyeamini atakwambia ni meli na barabara. Wote wawili wanasoma ramani moja.

Waislamu ni wangapi na Wakristo ni wangapi Tanzania?

Takwimu rasmi hakuna. Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1967. Ukiona mtu anataja asilimia kwa kujiamini sana, muulize kazitoa wapi.

Kwa nini hapa kwetu mvua na dini haviachani?

Kwa sababu hapa kwetu mvua ndiyo chakula, na hakuna anayeimiliki.

Dodoma hupata kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hilo lenyewe si tatizo. Uwele na mtama vinaweza kuishi nalo. Kinachoua ni mpangilio. Mvua inanyesha vizuri wiki mbili za kwanza, unapanda, miche inatoka, kisha Januari jua linawaka siku ishirini mfululizo. Umepalilia ulivyoweza, mbegu ulichagua mwenyewe, na sasa hakuna kitu mikono yako inaweza kufanya zaidi. Hapo ndipo utawakuta Waislamu uwanjani wakiswali swala ya kuomba mvua, na makanisa yakitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Wazee nao huanza kuulizana chinichini ni nani amevunja mwiko.

Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliliona jambo la jinsi hii kwenye visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wavuvi waliovua kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki ni wa uhakika, hawakuwa na uganga wowote wa uvuvi. Waliotoka bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, walikuwa nao mwingi. Watu wa kabila moja, visiwa vile vile. Hawakuwa wajinga: walijua vizuri kazi ya chombo na kazi ya dua, na hawakuacha kuziba nyufa za mtumbwi eti kwa sababu wameshaomba.

Kwa Wagogo wa zamani, mtemi ndiye aliyekuwa na dhamana ya mvua, na mawe ya mvua yalikuwa mikononi mwake. Mulungu alikuwa juu, mizimu ya wahenga ikiwa karibu zaidi, na rangi nyeusi ilikuwa rangi ya mvua, rangi ya wingu lililoshiba. Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: mambo yakiharibika, ng'ombe wakifa au mvua ikigoma, wanawake ndio waliovaa mavazi ya kiume, wakashika silaha na fimbo za wanaume, wakaiga sauti na mwendo wao, kisha wakaupeleka uchafu wa balaa ile mpakani mwa nchi na kuutupa huko. Nchi imepinduka, kwa hiyo watu wanajipindua ili kuirudisha. Ukilisikia kwa mbali unacheka. Ukiwaza kwamba watoto wako hawajala, huoni cha kuchekesha.

Na matambiko hayajaisha. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na moja ya sababu za kuthaminiwa ni kwamba baadhi ya mapango yale bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko. Wengi wa wenyeji hao ni watu wenye dini zao rasmi kabisa.

Shida zikizidi, imani huongezeka au hupungua?

Mara nyingi huongezeka, ingawa si kwa kila mtu. Mji wa Christchurch, New Zealand, ulipigwa na tetemeko Februari 2011 na watu 185 wakafa. Kwa kuwa watafiti Chris Sibley na Joseph Bulbulia walikuwa na majibu ya watu wale wale kabla na baada, waliweza kulinganisha. Nchi kwa jumla ilikuwa inaendelea kuiacha dini, lakini walioguswa na tetemeko walielekea kuisogelea.

Sisi tuna Mtunya. Ndiyo njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na vijana kwa ajili ya vita yao, kisha mvua ikakosekana. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa Ugogo, katika watu 150,000 hivi. Wanaosema dini ni "faraja tu" wafikirie hesabu hiyo kwanza. Mtu aliyezika watoto watatu huwa anatafuta wa kukaa naye na namna ya kulisema lililompata. Faraja ni sehemu ndogo tu ya hayo.

Si hofu ya kifo tu basi?

Hofu ipo, lakini haitoshi kueleza. Dini nyingi za duniani hazimwahidi mtu raha baada ya kufa, na nyingine zinamtisha zaidi. Kama lengo lingekuwa kujipoza moyo, jehanamu ingetoka wapi?

Kuna jaribio moja linafikirisha. Jesse Bering na David Bjorklund, 2004, waliwachezea watoto wadogo mchezo wa vikaragosi: panya kaliwa na mamba. Kisha wakauliza. Panya bado anahitaji kula? Wengi walisema hapana, amekufa. Bado anampenda mama yake? Ndiyo. Inaonekana ni rahisi kwa akili yetu kuuzima mwili, lakini kuyazima mapenzi na mawazo ya mtu ni kazi. Hata mtu mzima asiyeamini lolote husema "marehemu angefurahi kuona hivi".

Halafu nenda kwenye msiba wowote wa Makole au Chang'ombe ukaangalie kinachofanyika. Turubai limefungwa barabarani kuanzia asubuhi, viti vya plastiki vya kukodi, meza ndogo na daftari la rambirambi, mzee mmoja mwenye miwani anaandika jina na kiasi. Nyuma ya nyumba kina mama wanamenya vitunguu, Wakristo kwa Waislamu, na aliyechinja ni Mwislamu ili kila mtu ale. Mfiwa haulizwi kama ana uhakika na ufufuo. Anawekewa mto, anashikwa mkono, anaambiwa ale kidogo. Baada ya siku nne tano za hivyo, unapomwambia kwamba marehemu yuko mahali pema, hasikii hoja. Anasikia sauti za watu wale waliomenya vitunguu.

Watoto huzaliwa na dini?

Dini fulani, hapana. Mwelekeo, huenda ndiyo. Deborah Kelemen amechunguza watoto kwa miaka mingi na kuona wanapenda maelezo ya "ili": mawe yana ncha ili wanyama wasiyakalie, mawingu yapo ili yanyeshe. Aliyelelewa Sunday school na aliyelelewa madrasa wote wana mlango huo. Kitakachoingia humo hutegemea nyumbani.

Elimu si inaondoa imani? Mbona wasomi wetu bado wanakesha kwenye maombi?

Elimu huibadilisha imani zaidi ya kuiondoa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, mwaka ule ule ambao Waanglikana walianzisha Chuo Kikuu cha St. John's hapa hapa mjini. UDOM ni cha serikali na haina dini, lakini tembea hosteli zake Ijumaa jioni usikie kwaya zikifanya mazoezi upande mmoja na darsa za Waislamu upande wa pili. Kijana katoka Bahi au Manyoni, hana ndugu mjini, mkopo umechelewa. Kundi la maombi ndilo linalomjua kwa jina, ndilo litakalochanga akiugua. Hapo mhadhara wa baiolojia haushindani na kitu.

Hata wanasayansi waliobobea hawaachi tabia za watoto tulizozitaja. Mwaka 2013 Kelemen na wenzake walionyesha kwamba wanasayansi wa vyuo vikuu wakiharakishwa kujibu, huongezeka kuyakubali maelezo ya "ili" ambayo wakipewa muda huyakataa.

Mtu anaendaje misa asubuhi na kwa mganga jioni? Si unafiki?

Wahubiri hupenda neno hilo. Mimi naona maswali ni mawili, na kila mlango una jibu la swali lake.

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliishi na Wazande wa Sudan ya wakati ule, leo Sudan Kusini, na kueleza jambo lao mwaka 1937. Ghala la nafaka limeanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini. Mzande anajua fika kwamba nguzo zililiwa na mchwa. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile, watu wale wale wakiwa chini yake. Mchwa hawajibu hilo.

Sasa lete Dodoma. Kijana wa bodaboda kagongwa barabara ya Singida. Trafiki anaeleza: breki, mwendo, lori halikuwa na taa. Mama anakubali yote hayo, kisha anasema, "Wenzake watatu walipita pale pale. Kwa nini wangu?" Ndipo husikika maneno "mkono wa mtu". Daktari hana dawa ya swali hilo. Padri anayo, "ni mapenzi ya Mungu", ila haimpi mama mtu wa kumkasirikia. Mganga anampa.

Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa 2010, ulikuta zaidi ya Watanzania tisa kati ya kumi waliohojiwa wanaamini uchawi upo, na kama sita kati ya kumi wanaamini kwamba kafara kwa mizimu au wahenga zinaweza kuwakinga. Hao ni Wakristo na Waislamu, hawakutoka mbinguni.

Ila hapa siwezi kuishia kwenye "tuheshimu imani ya kila mtu". Kutafuta wa kumkasirikia kumewaua vikongwe katika nchi hii, baadhi yao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na moshi wa jikoni ndio ulioyafanya mekundu. Kumewaua na kuwakata viungo watu wenye ualbino. Kuelewa imani imetoka wapi ni kazi moja, kuikataa inapomdhuru mtu ni kazi nyingine, na zote zinaweza kufanywa na mtu mmoja siku moja.

Dini siku hizi si biashara tu? Maji ya upako, mafuta ya upako, mbegu ya shilingi laki?

Matapeli wapo, na wanafanikiwa kwa kuwa wanaiga ishara zile zile ambazo kwa kawaida hutuonyesha mtu mkweli. Kumbuka kikombe cha Loliondo, 2011. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliwanywesha watu dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita kadhaa, na waliotoka Kanda ya Kati walikuwemo. Watu walikuwa wanasema: "Angekuwa mwongo angetoza mia tano?" Bei ndogo ile, kijumba kile, uzee ule, ndivyo vilivyowashawishi kuliko dawa yenyewe. Simwiti tapeli. Lakini wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na kutokutajirika kwa mtoa dawa hakuonyeshi kwamba dawa inaponya.

Kwa wale wa mbegu ya laki, kipimo changu ni cha kienyeji: nani anatoa na nani anapokea. Sadaka ikienda upande mmoja tu mwaka mzima, unajua uko wapi. Hata hivyo usishangae kwamba wanaotoa sana ndio wasiobanduka. Richard Sosis alichunguza jumuiya zilizojitenga Marekani karne ya 19 akaona zile za kidini zilizodai mengi kwa wanachama wao ziliishi muda mrefu zaidi. Ulichokilipia sana ni vigumu kukiacha.

Ndugu yangu amebadili dini ili aoe. Hiyo ni imani kweli?

Leo pengine bado. Mpe miaka kumi ya kuswali au kusali na wakwe zake. Na kama hakutaka kubadili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ingemruhusu afunge ndoa ya bomani, kila mmoja abaki na dini yake. Wengi hawaambiwi hilo.

Na wasioamini, wao wana kasoro gani?

Hawana. Wengi walikulia mahali ambapo hakuna aliyeamini kwa matendo, au waliona unafiki nyumbani mapema mno. Ni sababu zile zile zikifanya kazi kinyume. Ibara ya 19 ya Katiba inawalinda kama inavyomlinda askofu.

Nikijua imani yangu imetoka wapi, si itakufa?

Haifuatani hivyo. Ulijua mbili na mbili ni nne kwa sababu mwalimu alikuchapa. Fimbo haikuifanya kuwa nne wala haiwezi kuifanya kuwa tano. Asili ya wazo na ukweli wa wazo ni mambo mawili. Wasioamini hukosea wanaposema "ulizaliwa kwao tu, basi ni uongo", na waumini hukosea wanaposema "nililelewa ndani yake na imenifaa, basi ni kweli".

Ila sitakudanganya kwamba hakuna kinachobadilika. Ukishagundua kwamba ungezaliwa Kondoa ungekuwa unaitetea dini nyingine kwa machozi yale yale, sauti yako kwenye mabishano hushuka kidogo.

Nataka kumuuliza babu yangu kuhusu imani yake. Nianzeje?

Shikamoo kwanza, halafu usimuulize "kwa nini unaamini". Ataona unamhukumu, au atakupa jibu la katekisimu. Muulize nani alimfundisha kusali, na mtu huyo alikuwaje. Muulize mwaka gani mvua ilikataa na kijiji kilifanya nini. Muulize alipobatizwa au kusilimu, mama yake alisemaje. Kama bado kuna tambiko la ukoo, asipotaka kulitaja mbele ya watoto mwache. Rudi siku nyingine peke yako. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Na nenda baada ya mavuno, si Januari, maana Januari yuko shambani.